Kwa Nini Mti Uliokatwa Hurudi, na Jinsi ya Kuuzuia Usichipue Tena

Mti umekatwa, matawi yameondolewa, bustani imepata mwanga. Wiki chache baadaye kisiki kimezungukwa na machipukizi mabichi, tena yenye afya kuliko mti wenyewe ulivyokuwa, na mwenye bustani anaanza kuuliza huku na huko. Majibu hayakosekani: mwaga chumvi, mwaga dizeli, pigilia misumari ya shaba, choma moto, funika kwa nailoni nyeusi, paka dawa. Kila ushauri una mtu anayeapa kwamba kwake ulifaulu, na mwingine anayeapa kwamba ulimpotezea muda. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, kwa sababu walikuwa wanazungumzia miti tofauti, iliyokatwa nyakati tofauti. Kinachorukwa katika mazungumzo haya ni swali la msingi: mti ule unachipua kutokea wapi, na unakula nini wakati hauna jani hata moja?

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kisiki ni sehemu ya shina inayobaki baada ya kukata, pamoja na shingo yake inayoingia ardhini. Jicho ni kinundu kidogo ambamo tawi au jani jipya hutokea; miti mingi huwa na macho yaliyolala chini ya gome kwa miaka mingi bila kuamka. Chipukizi ni tawi changa linalotoka kwenye jicho hilo. Wanga ni chakula ambacho mti hujiwekea akiba, kwa wingi kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina. Na kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba wenye unyevu uitwao kambiamu, ambao huzalisha mbao kwa upande wa ndani na gome kwa upande wa nje. Huo utando tutaurudia sana.

Majani hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi. Sukari hiyo hushuka kupitia tabaka la ndani la gome hadi mizizini, na ziada yake hugeuzwa kuwa wanga. Maji na madini yana njia yake nyingine: hupanda kupitia mbao. Sasa, kukata shina ni kama kubomoa jiko la nyumba na kuliacha ghala likiwa limejaa. Wenye nyumba hawafi njaa. Wanakula akiba huku wakijenga jiko jingine. Mti nao hufanya hivyo. Huyaamsha macho yaliyolala, huyalisha kwa wanga wa mizizini, na majani mapya yakishatanuka huanza kulijaza ghala upya. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukimbia kuliko mche uliotoka kwenye mbegu: nyuma yake kuna mizizi ya mti mzima.

Kwa nini macho hayo hayakuamka mapema? Ncha za matawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini. Ukiondoa ncha zote kwa mpigo mmoja, kizuizi nacho kinaondoka. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "nilipoukata ndipo ulipozidi" hajakosea hata kidogo. Msumeno ndio ulioamsha macho. Wakulima wa miti wanalijua hili na wanalitegemea: mashamba ya mikaratusi huvunwa, yakachipua, yakavunwa tena bila kupandwa upya, na katika Ulaya misitu ilikatwa kwa mtindo huo kwa karne nyingi ili kupata kuni na fito. Mwenye bustani anapambana na uwezo uleule ambao mwenye shamba la kuni anaushukuru.

Hapa ndipo miti inapoanza kutofautiana, na ndipo ushauri wa "njia moja kwa miti yote" unapovunjika.

Ipo miti isiyorudi kabisa. Mnazi una sehemu moja tu ya kukulia, kileleni, ukikatwa umekwisha. Misonobari mingi ni hivyohivyo, ingawa zipo aina chache zinazoweza kuchipua. Kwa miti kama hiyo, mtu anayenunua dawa ya kupaka kisiki anatupa fedha, na anayemwaga chumvi anaharibu udongo bila sababu yoyote. Kisiki kitaoza chenyewe.

Kundi la pili huchipua kwenye kisiki chenyewe: pembeni mwa shina, kwenye ukingo wa mkato, au chini kidogo ya uso wa ardhi. Mikaratusi, mijakaranda na milusina iko hapa. Baadhi ya aina za mikaratusi zina uvimbe wa mbao chini ya shina, nusu ukiwa umefukiwa, uliojaa macho na chakula. Ni mwili ulioumbwa kustahimili moto na kukatwa. Mathenge, ule mti wa miiba wa maeneo makavu (Prosopis), nao huchipua kutokea macho yaliyo chini kidogo ya ardhi, na ndiyo sababu kuukata usawa wa udongo hakuufanyi kitu. Ukikatwa takriban sentimita 30 chini ya uso, sehemu yenye macho inaondoka na mzizi uliobaki hauna pa kuchipulia.

Kundi la tatu ndilo gumu. Hii ni miti inayochipua kutoka kwenye mizizi yenyewe, wakati mwingine mita kadhaa kutoka kwenye kisiki. Mpera hufanya hivyo, mwarobaini pia, na katika nchi za baridi unaochukiwa zaidi ni mti wa asili ya China uitwao kwa jina la kisayansi Ailanthus altissima. Kuona mbali ambako tabia hii inaweza kufika, angalia kundi la miti liitwalo Pando huko Utah, Marekani: mashina takriban 47,000 katika hekta 43 hivi, yote yakiwa ni mmea mmoja uliosambaa kwa mizizi. Ukikata shina moja mahali kama pale, umekata unywele. Kwenye bustani mambo si makubwa hivyo, lakini kanuni ni ileile: ukiwa na mti wa kundi hili, kisiki si kitovu cha tatizo. Unaweza kukisaga mpaka kiwe vumbi na bado ukaona machipukizi katikati ya nyasi.

Na kuna jambo la nne ambalo si kuchipua, ingawa watu huliita hivyo. Ni mbegu. Mlusina, kwa mfano, huacha mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi, na mwanga unapofika baada ya mti mkubwa kuondoka, zinaota kwa mamia. Namna ya kutofautisha ni kung'oa mmoja: ukitoka mzima na kimzizi chake kilichonyooka, ni mche wa mbegu, ukikuta umeshikamana na mzizi mnene unaolala, ni chipukizi. Miche ya mbegu ing'oe ikiwa midogo na udongo ukiwa na unyevu. Hakuna haja ya kukihangaikia kisiki kwa ajili yake.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa hufanywa kabla ya kukata. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huanza kuuliza wakati mti umeshaanguka, na hapo njia mbili bora kati ya zilizopo zinakuwa zimeshafungwa.

Ya kwanza ni kuung'oa mti ukiwa bado na shina refu. Ukijua kwamba utakitoa kisiki, usikate chini. Acha shina la mita moja au zaidi, chimba kuzunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka au sururu, kisha tumia shina hilo kama wenzo wa kuusukuma na kuuvuta. Aliyekata usawa wa ardhi amejinyima wenzo, na sasa anachimba kwa nguvu za mgongo. Kwa miti ya kundi la pili huna haja ya kuufukuza kila mzizi. Mizizi isiyo na macho itakufa na kuoza. Kwa kundi la tatu, toa mizizi minene mingi kadiri uwezavyo, hasa iliyo karibu na uso wa ardhi, na ujiandae kufuatilia. Mti ulio karibu na ukuta, bomba la maji au nyaya zilizofukiwa usivutwe; mizizi iliyojisokota kwenye bomba huondoka nalo.

Njia ya pili ni kubambua gome kuzunguka shina zima wakati mti bado umesimama. Ondoa ukanda wa sentimita 15 hadi 30, kisha kwangua kambiamu yote mpaka ubaki na mbao tupu, maana ukiacha hata uzi mwembamba wa gome mti huunganisha njia yake upya. Majani yataendelea kupata maji kupitia mbao, lakini sukari haitashuka tena. Ghala linaliwa bila kujazwa. Inachukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na macho yaliyo chini ya ukanda yataamka kwa sababu oksini nayo imezuiliwa juu. Machipukizi hayo lazima yaondolewe, la sivyo yatalisha mizizi na kazi yote ikawa bure. Mti ukishakufa unaangusha matawi, kwa hiyo njia hii haifai kabisa karibu na nyumba, njia ya watu au mahali watoto wanapocheza.

Tuseme mti umeshakatwa. Basi zimebaki njia mbili za kweli: kuufisha njaa, au kutumia dawa.

Kuufisha njaa maana yake ni kuondoa kila chipukizi kabla halijaanza kulipa. Hili linahitaji kueleweka vizuri. Jani changa ni mlaji. Linakula wanga wa mizizini mpaka litanuke kiasi cha nusu hivi ya ukubwa wake, ndipo linapoanza kupeleka sukari kwingine. Ukiliondoa kabla ya hapo, mti umetumia akiba na haukupata kitu. Ukisubiri mpaka chipukizi lifike kiunoni na kuwa na majani mapana, umelipatia nafasi ya kurudisha kila kilichotumika na ziada juu. Watu wanaosema "nimekata machipukizi miaka yote na hayaishi" mara nyingi hukata mara moja au mbili kwa mwaka, yakiwa makubwa. Huko ndiko kuvuna.

Basi pitia kila wiki moja au mbili katika msimu wa ukuaji. Na usikate; nyofoa. Chipukizi laini ukilivuta kuelekea chini hung'oka na kitako chake, pamoja na macho madogo yaliyokizunguka. Ukilikata kwa mkasi unaacha kitako, na pale palipotoka moja yanatoka matatu. Kisiki chenyewe unaweza kukifunika kwa nailoni nzito nyeusi, kingo zikifukiwa ili mwanga usipenye. Hilo husaidia kwa kundi la pili. Kwa kundi la tatu, machipukizi yatatokea nje ya nailoni, kwa hiyo usilitegemee. Kwa jumla kazi hii huchukua msimu mmoja hadi mitatu, kutegemea umri wa mti na ukubwa wa akiba yake. Haihitaji nguvu, inahitaji kutokosa.

Dawa ndiyo njia inayoeleweka vibaya kuliko zote. Zinazotumika sana kwenye visiki zina kiambato cha glaifoseti au trikilopiri. Hizi si tindikali za kuchoma mbao. Ni kemikali zinazosafirishwa na mti wenyewe, kwa njia ileile ya sukari, mpaka mizizini. Glaifoseti, kwa mfano, huzuia kimeng'enya ambacho mmea unakihitaji ili kutengeneza baadhi ya vijenzi vya protini. Kwa hiyo inafanya kazi kwenye tishu iliyo hai tu. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza: kusubiri kisiki kikauke ndipo upake. Mkato huanza kuziba mara baada ya kukatwa, na dawa ya kuchanganywa na maji inatakiwa kupakwa ndani ya dakika chache. Mwenye dawa asimame tayari kabla mwenye msumeno hajamaliza.

Kosa la pili ni kumwagia katikati ya kisiki. Katikati mwa shina kubwa ni mbao iliyokufa zamani. Kilicho hai ni ukingo, ule mzunguko mwembamba wa kambiamu na mbao changa chini ya gome. Brashi ndogo inayopita kwenye ukingo huo, baada ya kufuta vumbi la msumeno, inafanya kazi kubwa kuliko lita nzima iliyomwagwa ovyo, na haichafui udongo. Kama kisiki kimeshakuwa cha zamani, kikate upya chini kidogo ili kufungua tishu hai, au acha kichipue na upake dawa kwenye majani ya machipukizi yakiwa mengi ya kutosha kuipeleka mizizini.

Majira nayo yana maana, na yanawachanganya watu kwa sababu jibu hubadilika kulingana na njia. Anayetaka kuufisha njaa akate mara tu baada ya mti kumaliza kutoa majani mapya, kwa kuwa wakati huo ghala liko tupu kuliko wakati mwingine wowote. Anayetumia dawa anataka kinyume: kipindi ambacho sukari inashuka kwa wingi kwenda mizizini, yaani kuelekea mwisho wa msimu wa ukuaji. Wakati maji yanapanda kwa nguvu mwanzoni mwa msimu, mkato hutokwa na utomvu na dawa inasukumwa nje. Kwa miti inayochipua mizizini, hasa ule Ailanthus, inashauriwa dawa iingizwe kwenye mikato midogo kuzunguka shina wakati mti bado umesimama, na msumeno usubiri mpaka mizizi iwe imekufa.

Kuhusu usalama, nisiseme nusu. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, zikiwemo ile ya mazingira ya Marekani na ile ya usalama wa chakula ya Ulaya, hazikufikia hitimisho hilo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza idhini ya matumizi yake kwa miaka 10. Hakuna upande unaosema uiguse kwa mikono mitupu. Vaa glavu, funika macho, soma lebo yote, fuata sheria za mahali ulipo, na kaa mbali na kisima au mkondo wa maji. Ogopa zaidi dawa zenye pikloramu: hudumu kwenye udongo, husafiri na maji, na mizizi ya mimea mingine huinyonya.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Mizizi ya miti ya aina moja iliyo karibu huweza kuungana chini ya ardhi na kupitishiana maji na chakula. Mwaka 2019 watafiti wa New Zealand walieleza kuhusu kisiki cha mti wa huko uitwao kauri, kisicho na jani lolote, ambacho kiliendelea kuishi kwa kuunganishwa na miti jirani. Kwa hiyo dawa uliyopaka kwenye kisiki kimoja inaweza kumuua mwenzake uliyetaka abaki, au mti wa jirani upande wa pili wa uzio. Palipo na miti miwili ya aina moja iliyokaribiana, mimi nisingetumia dawa kabisa.

Na zile njia za mitaani? Chumvi ikiwa nyingi huua kweli, lakini kiasi cha kuua mizizi ya mti ni kiasi cha kuharibu udongo: huvunja muundo wake, hubaki muda mrefu, na mvua huipeleka kwenye mimea uliyoipenda. Dizeli na oili chafu ni uchafuzi wa udongo na maji, basi. Moto juu ya kisiki kibichi huunguza uso na kuacha macho ya chini salama, na ukikolea unaweza kutambaa ndani ya mizizi mikavu na kuibukia pengine. Siki huunguza majani tu. Misumari ya shaba haiui mti mzima wenye afya. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza vidonda vyake, alionyesha kwamba mti hauponyi jeraha bali hulizungushia kuta na kuendelea kukua pembeni. Msumari unafungiwa ndani. Mbolea ya nitrojeni kwenye matundu ya kisiki husaidia kuvu kuozesha mbao, ila kisiki kiwe kimeshakufa. Kikiwa hai, unakilisha.

Utajuaje kwamba kimekufa? Kwangua gome kwa ncha ya kisu karibu na ardhi. Ukiona rangi ya kijani au nyeupe yenye unyevu, bado. Ukiona kahawia kavu na gome linabanduka lenyewe, kimekwenda. Hata hivyo subiri misimu miwili kamili ya ukuaji bila chipukizi kabla ya kuacha kukagua, na ukague eneo lote ambalo mizizi ilifika, ambalo kwa kawaida huvuka mbali nje ya kivuli cha mti.

Kama mti ulikuwa kwenye mteremko, panda kitu kingine mapema, maana mizizi inayooza hulegeza udongo ulioshikiliwa. Kama ulikuwa karibu na nyumba iliyojengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, mwulize mhandisi kabla ya kuukata: udongo huo hunywea mti ukinyonya maji na huvimba mti ukiondoka, na msingi wa nyumba unaweza kupasuka. Mti mpya upande mita chache kutoka kwenye kisiki cha zamani, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha mbao hutumia nitrojeni ileile ambayo mche wako unaihitaji.